Wiki Tuliyomziba Mdomo Bata wa Verlyn

Kwonk. Kwonk. Kwonk-kwonk-kwonk.

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika ofisi ya ushirika wetu wa simu hapa Nordhem, husimama mlangoni na theluji yake viatuni, akageuza shingo huku na huku akitafuta ndege. Hakuna ndege. Kuna spika juu ya kabati, na ndani ya spika mna pumzi ya Verlyn Gustad, mfanyakazi mwenzangu, akipuliza kipenga cha kuitia bata bukini. Verlyn alishinda mashindano ya kuita bata ya jimbo zima zamani sana, akiwa bado na nywele, na tangu siku hiyo hajamruhusu mtu yeyote asahau. Programu yetu ya kuangalia mtandao ilipoletwa, ilikuja na mlio wake, mlio mstaarabu, ting. Verlyn akaufuta, akaweka wa kwake. Kifaa cha mteja kikikatika, bata analia. Kikirudi, bata analia tena kwa furaha kidogo, ingawa ni Verlyn peke yake anayesikia hiyo furaha.

Majira ya joto hakuna neno. Balaa ni ziwa likiganda. Hapo nusu ya mji wetu huvuta vibanda kwa pikapu hadi katikati ya barafu, wakatoboa tundu, wakakaa humo kuvua. Na kwa kuwa siku hizi hakuna mwanaume wa jimbo letu la Minnesota awezaye kutazama tundu la maji bila kutazama hoki kwenye skrini kando yake, kila kibanda kina kifaa chetu cha intaneti, kinachokula umeme wa jenereta. Mtu akichoka anazima jenereta na kwenda zake. Kifaa kinazimika. Programu inaona kifaa kimezimika, inadhani kuna msiba. Kwonk. Mwingine anatoka nje kuongeza mafuta. Kwonk. Mwingine amekanyaga waya akimkimbilia samaki. Kwonk, halafu kwonk ya furaha. Zidisha hayo kwa vibanda vya ziwa zima, utajua kwa nini mimi, Tollef Brekke, nilikuwa nikiota ninataga mayai.

Jumatatu hiyo Ardis Haugland, meneja wetu, alifungua mlango bila kubisha. Ofisi yake na chumba chetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba.

"Tollef."

"Naam, bosi."

"Nilikuwa kwenye simu na mama aliyefiwa na mumewe. Anataka tufunge laini ya marehemu. Nampa pole, taratibu, kama binadamu. Unajua bata wenu alifanya nini?"

"Naye alimpa pole," alisema Verlyn, bila kuinua macho kutoka kwenye kipande chake cha keki.

Ardis alimtazama kwa muda ambao mimi singependa kutazamwa. "Jumamosi ni mashindano ya uvuvi," alisema. "Jioni wanachama wote watakuwa hapa ukumbini kula samaki wa kukaanga, kama kila mwaka. Nikimsikia huyu bata anaongea kuliko mimi, Jumatatu naipigia kampuni ya mjini. Wataangalia mtandao wetu kutoka hukohuko, na chumba hiki nakigeuza stoo ya karatasi za chooni. Nyie wawili mtajua pa kwenda."

"Aongee kuliko wewe?" alisema Verlyn. "Hakuna bata wa hivyo, Ardis."

Ningekuwa na akili ningekaa kimya, lakini damu ilikuwa imeshanichemka. Stoo ya karatasi za chooni? Chumba ambamo ninajua kila waya ulikotoka na unakokwenda? Nilisimama. "Kesho," nilisema. "Kesho ukimsikia bata huyu mara moja tu, nitakitafuna kipenga chake mbele yako."

"Kipenga ni cha mti wa mjozi," alisema Verlyn. "Utang'oka meno."

Ardis akaondoka. Nikavuta kiti, nikakunja mikono ya shati.

Nitaeleza nilichofanya, maana watu husema niliziba tu masikio ya mashine. Si kweli. Kwanza niliifundisha programu kwamba vibanda vyote vinapata mtandao kupitia mnara mmoja tuliousimika juu ya barafu, kwa hiyo mnara ukianguka inatosha kuulilia mnara peke yake. Huwezi kuulilia mti halafu ukalilia na kila jani. Pili niliiambia kwamba kibanda kuzimwa si ajali. Ni mtu amechoka, muache. Tatu nikapitia orodha ya vifaa kimoja kimoja, na chochote ambacho hakuna mtu awezaye kunieleza kinafanya kazi gani, nikakinyamazisha.

Nikafika kwenye kifaa kimoja kilichoandikwa "Seva ya Akiba". Kilikuwa hakitoi habari yoyote isipokuwa joto. Joto limepanda kidogo, kwonk. Joto limeshuka, kwonk. Mchana kutwa.

"Verlyn, hii Seva ya Akiba inafanya nini?"

"Inaweka akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya baadaye."

"Iko wapi?"

"Tollef, hiyo iache. Nyamazisha vyote, ninyamazishe na mimi, lakini hiyo iache."

Mtu akinijibu hivyo huwa naelewa jambo moja tu, kwamba hajui na anaona haya kusema. Nikainyamazisha.

Jumanne asubuhi chumba chetu kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa ya ukutani, na sikuwa nimewahi kujua kwamba tuna saa ya ukutani. Ardis aliingia, akasimama katikati ya chumba, akainua kidevu kama mtu anayenusa mvua. Mnara ulikuwa mzima, vibanda vilikuwa vikiwaka na kuzimika huko ziwani, na bata hakusema lolote.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nasikia tumbo la Verlyn."

"Lina huzuni," alisema Verlyn.

Na kweli alikuwa na huzuni. Alikaa kama mtu aliyeachwa na basi. Simu ya mezani kwake ilianza kulia mchana, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo ilivyozidi. Nilimsikia akinong'ona, maana Verlyn huwa ananong'ona kwenye simu siku zote, na mimi huwa nadhani ni adabu. "Sijui, mama. Kweli sijui. Hata mimi sisikii kitu. Muulize kijana."

Kijana ndiye mimi, na hakuna aliyeniuliza. Niliondoka nikipiga mluzi.

Jumatano nilipofika, kaunta ilikuwa tupu.

Hapa lazima nieleze habari ya keki. Kwenye kaunta yetu ya mbele, majira yote ya baridi, hapakosi sinia. Keki za tufaha, vibiskuti vya siagi, maandazi ya mdalasini yenye sukari ya maji juu. Akina mama wa Nordhem huja na sinia lililofunikwa karatasi ya fedha, wakaliweka, wakatabasamu, wakaenda. Mimi ndiye ninayepokea simu za wateja wenye matatizo, na nina sauti nzuri ya simu. Nimeambiwa hivyo na zaidi ya mtu mmoja, achilia mbali mama yangu. Kwa hiyo sikuwahi kujiuliza zile keki zilikuwa za nani.

"Leo wamechelewa," nilisema.

"Hawaji," alisema Verlyn. "Jana mji mzima umekula mkaa."

"Mkaa gani?"

Akageuza kiti chake. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto kwa nini mbwa hayupo tena. Chakula cha hapa kwetu ni bakuli la nyama ya kusaga na viazi juu, linaingia oveni, linakaa humo saa nzima. Likitoka mtu hajafika, viazi vinakuwa mawe. Mtu akifika halijaiva, kuna maneno. Simu za mkononi hazisaidii, maana mvuvi aliye juu ya tundu lake hapokei simu ya mkewe hata nyumba ikiungua. Basi akina mama walijua dawa. Wanampigia Verlyn. Verlyn anasikiliza bata, anatazama skrini, anasema, "Kibanda chake kimezimwa sasa hivi, mama, washa oveni." Kesho yake sinia linakuja.

"Kwa hiyo keki ni zako," nilisema.

"Wewe ulidhani ni za nani?"

Kuna maswali ambayo ukiyajibu unayapa heshima yasiyoistahili.

Kabla sijajikusanya vizuri mlango ulifunguka. Ardis aliingia, akaufunga nyuma yake, akashusha sauti. "Verlyn. Leo mchana, cha Orrin kikizimwa, utaniambia?" Orrin ni mumewe. Kibanda chake kiko karibu na mnara, kimepakwa rangi ya zambarau.

"Siwezi," alisema Verlyn. "Muulize Bwana Kimya hapo."

"Bosi," nilisema, "si wewe uliyetaka kimya?"

"Nilitaka kimya cha bata, Tollef. Sikutaka kimya cha Orrin. Jana nimetafuna viazi nikasikia meno yanasema." Akanyoosha kidole. "Ukimrudisha bata, napiga simu mjini. Usiponipa habari za Orrin, napiga simu mjini. Fanya unavyojua."

Nakwambia, mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi. Maana nililiona jambo lilivyokaa: arifa hazikuwa nyingi mno, zilikuwa zinapigwa mahali pasipo pake. Habari ya kibanda cha Orrin ina mtu mmoja duniani anayeihitaji, na mtu huyo si mimi wala spika iliyo juu ya kabati. Kila kibanda kilie nyumbani kwake. Nikachukua namba za simu za nyumba zote zenye kibanda, yaani namba za akina mama, maana ndio wanaolipa bili. Nikaifunga kila namba na kibanda chake. Kibanda kikizimwa, meseji inaondoka yenyewe: "Kibanda kimezimwa."

Kulihitajika kifaa kidogo cha kurusha meseji. Nikakichukua, nikaenda chumba cha mitambo nyuma, chumba chenye joto kama tanuri la mikate kwa sababu ya mashine zilizomo. Soketi zote zilikuwa zimejaa. Nikafuata waya mmoja mmoja mpaka nikapata mmoja usionihusu, unaopita nyuma ya kabati la nyaya na kupotelea gizani kwenye kona yenye maboksi. Nikauchomoa, nikachomeka changu. Taa ya kijani ikawaka. Nikaipenda taa ile.

Jioni hiyo ilishuka theluji ya kufunga barabara, watu wakazima vibanda mapema na kukimbilia nyumbani moja kwa moja. Meseji ziliruka kama njiwa. Alhamisi asubuhi kaunta ilikuwa na masinia matatu, na juu ya karatasi ya fedha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Kwa Tollef. Nilimsomea Verlyn kwa sauti. Nikamsomea tena baada ya chakula cha mchana.

"Kula," alisema. "Kula tu. Theluji itayeyuka."

Nikadhani ni kijicho. Ijumaa hakukuwa na sinia hata moja, nikasema akina mama wana shughuli za mashindano.

Jumamosi, asubuhi ya mashindano yenyewe, Orrin Haugland alikuja. Ni mtu mkubwa, mpole, ana suruali ya barafuni inayosema fwisha-fwisha akitembea, na husikiki ukizungumza naye kwa sababu anaendelea kutembea. Alisimama mbele yangu, suruali ikanyamaza.

"Kijana. Juzi nilizima kibanda jua likiwa bado liko juu. Nikafika nyumbani wamewasha taa za barabarani."

"Barabara ilikuwa mbaya?"

"Hapana."

"Pikapu iliharibika?"

"Hapana."

"Kati ya ziwa na nyumba," alisema Verlyn, "kuna baa ya Skogmo."

Orrin aliangalia buti zake. "Nilikuta bakuli mezani. Bakuli lilikuwa jeusi. Ardis hakusema kitu. Jana pia hakusema kitu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka yote hii, namjua akipiga kelele, hainishughulishi. Lakini hii ya kutosema kitu siiwezi. Na wenzangu ziwani ni hivyohivyo. Tumekaa kule kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari."

"Mimi nimetuma ukweli," nilisema. "Kibanda kimezimwa, nimesema kimezimwa."

"Ndiyo shida yako," alisema Verlyn. "Mimi nilikuwa nangoja. Bata akilia najua Orrin ametoka ziwani, nampigia Skogmo mpaka aseme, 'Natoka sasa.' Ndipo namwambia Ardis, 'Kibanda kimezimwa sasa hivi.' Orrin anapita kumwangalia mama yake kidogo, chakula kinaiva, anafika, wanakula, wanapendana."

"Na wewe unapata keki kwa hilo."

"Keki kutoka upande ule," alisema Verlyn. "Na upande huu nao si watu wabaya."

"Minofu miwili kila wiki," alisema Orrin. "Mimi na kila mwenye kibanda."

Kila mwaka, kwenye karamu ya wanachama, samaki wa kukaanga hutoka kwa Verlyn. Husimama, hupigiwa makofi, huinamisha kichwa na kusema, "Ziwa limekuwa jema kwangu." Mimi mwenyewe nimempigia makofi hayo.

"Verlyn," nilisema. "Umewahi kuvua samaki?"

"Kabla goti halijaharibika."

"Hiyo minofu unaiweka wapi?"

Akanitazama, nikamtazama, na wote wawili tukageuka kutazama jina lile kwenye skrini, Seva ya Akiba, limekaa pale kimya kama nilivyoliamuru, likiwa jekundu kama pua ya Orrin. Joto lake lilikuwa joto la chumba. Lilikuwa hivyo tangu Jumatano.

"Ni friza," nilisema.

"Ni akiba," alisema Verlyn. "Tollef. Kile kifaa chako cha meseji. Ulikichomeka wapi?"

Tulikwenda wote watatu. Kwenye kona ya chumba cha mitambo, nyuma ya maboksi, friza ilikuwa imesimama na taa yake imezima. Orrin ndiye aliyeinua mfuniko, kwa kuwa ana mikono mirefu. Kilichotoka humo hakikuwa harufu tu, kilikuwa na mabega. Kilitupita, kikatangulia kwenye korido, kikaanza kuulizia njia ya ukumbini. Orrin alishusha mfuniko kwa heshima, akavua kofia.

"Samaki wa karamu," alisema.

"Wanachama wote," alisema Verlyn.

"Stoo ya karatasi za chooni," nilisema mimi.

Verlyn hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningejibu. Alikaa juu ya boksi akashika goti lake bovu. Lakini mimi huwa sikai nikiona moto. Nilimwinua. "Ziwani leo kuna mashindano," nilisema. "Kila mtu wa mji huu amekaa juu ya tundu na ndoano majini. Samaki wapo. Waambie walete."

"Kwa nini walete? Wanataka ushindi."

"Kwa sababu una siri zao."

Verlyn alifikiri, na rangi ikaanza kumrudi. Tulirudi kwenye skrini, nikafungua mahali pa kutuma ujumbe kwa vibanda vyote. Mimi nilitaka kuandika kwa lugha nzuri, ya kuomba, yenye mwanzo na mwisho. Verlyn akanisukuma bega. "Andika ninavyosema. 'Kila mwenye kibanda alete samaki wawili kwenye jiko la ushirika kabla ya jioni. Asiyeleta, nyumbani kwake wataambiwa saa anayotoka Skogmo. Mimi, Verlyn.'"

"Hivi ni vitisho," alisema Orrin.

"Ni arifa," nilisema, nikabonyeza.

Tukapumua. Nje tulisikia pikapu zikielekea ziwani. Orrin akatoa simu yake mfukoni, akaitazama, akaitikisa.

"Mimi sijapata," alisema.

"Subiri."

"Naona vijiti vya mtandao vimejaa. Sijapata."

Ndipo, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, simu ya Ardis ikalia. Ting. Mlio mstaarabu.

Ukimya uliofuata sikuuunda mimi, na sijawahi kuunda mkubwa kama ule. Nilikumbuka namba nilizozifunga na vile vibanda ni za nani. Za wanaolipa bili. Mji mzima wa Nordhem, jikoni, kwenye maduka, kwenye kiti cha msusi, akina mama walikuwa wakisoma maneno ya Verlyn yenye jina lake chini.

Verlyn alikuwa ameshaanza kutafuta koti.

Mlango ulifunguka. Ardis alisimama na simu mkononi. Alitazama skrini, akamtazama Verlyn akiwa na mkono mmoja ndani ya koti, akamtazama mumewe na kofia yake kifuani.

"Nini kinanuka?" aliuliza.

"Akiba," nilisema.

Tulimweleza. Nilieleza mimi, maana wale wawili walikuwa wameota mizizi. Sikuficha, wala sikujipunguzia sehemu yangu. Nilisema kila nilichofanya kilikuwa sahihi kilipofanywa, kimoja kimoja, na matokeo yake ndiyo yaliyokuwa na matatizo. Ardis alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Orrin.

"Skogmo," alisema.

"Ardis, nilikuwa—"

"Orrin. Tulikutana Skogmo. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, ukanimwagia bia. Unadhani nilidhani unakwenda wapi, kanisani?"

Suruali ya Orrin ikasema fwisha, mara moja.

"Lakini siku mbili hizi hukusema kitu," alisema.

"Nilikuwa na njaa." Akanigeukia mimi sasa. "Na wewe. Meseji yako ilikuwa kweli tupu. Kibanda kimezimwa, sawa. Nikawasha oveni. Nikala peke yangu kitu kama kigae. Nani amekuambia nataka kujua kibanda kimezimwa lini? Mimi sikuolewa na kibanda. Nataka kujua bakuli liingie lini kwenye oveni. Basi. Verlyn alikuwa mwongo, lakini bakuli lilikuwa linaiva."

"Asante," alisema Verlyn.

"Wewe nyamaza, usinivurugie hasira."

Simu yake ikalia tena, na tena. Walikuwa akina mama wenzake. Akasoma, mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akajizuia. "Wanauliza kama ni samaki wawili kwa kila kibanda au kwa kila mwanaume," alisema. "Wameshawapigia ziwani. Leo wanapokea simu, ajabu." Akaandika kitu kwa kidole gumba. "Nimesema kwa kila mwanaume. Verlyn, toa hiyo friza nje kabla haijajifungulia mlango yenyewe. Orrin, msaidie. Halafu na wewe nenda ukavue, unadaiwa wawili."

Jioni ukumbi ulijaa. Samaki walikuja kwa ndoo, kwa mifuko, mmoja akaja ndani ya kofia, bado anapumua. Nasikia kule ziwani hakuna aliyepeleka samaki kwa waamuzi, na kombe likapewa mtoto wa shule ya Kilutheri wa darasa la nne aliyekuwa na kidagaa. Verlyn alikaanga huku amevaa aproni, mama mmoja mmoja akipita mbele yake anasimama, anamtazama, anachukua samaki wake na kwenda. Hakupigiwa makofi. Alipigwa kwa taulo la jikoni mara kadhaa.

Mimi sikula. Nilikuwa kwenye skrini. Skogmo naye ni mteja wetu, intaneti ya baa yake ni yetu, na simu ya kila mwanaume wa Nordhem huishika intaneti ile yenyewe akifika mlangoni, kama mbwa anayemjua bwana wake. Nikaifundisha programu kungoja. Kibanda kimezimwa, ngoja. Simu yake iko Skogmo, endelea kungoja. Imetoka Skogmo, sasa sema. Na asipotokea Skogmo kwa muda wa safari ya kutoka ziwani, sema. Hakuna wa kudanganya wala wa kudanganywa, na hakuna wa kuhongwa minofu. Nilimaliza, nikanyoosha mgongo, nikakuta Ardis amesimama nyuma yangu na sahani ya samaki. Akaiweka mbele yangu. Orrin alikuwa mlangoni, akijifanya anasoma tangazo la vizima moto.

Nikamwonyesha Ardis skrini. Aliangalia kwa muda.

"Na sauti?" aliuliza.

"Sauti gani?"

"Meseji siisikii nikiwa jikoni. Nahitaji sauti ya kunitoa hata nikiwa chini kwenye mashine ya kufulia." Akakohoa, akatazama pembeni. "Ile ya Verlyn inafika mbali."

Kutoka jikoni tulisikia sufuria ikianguka. Verlyn ana masikio ya bata.

"Inalia mara moja," nilisema. "Nyumbani kwako tu. Hapa ofisini hutaisikia."

"Sitapiga simu mjini Jumatatu," alisema Ardis, "ukiniahidi kitu kimoja. Siyo maneno ya vifaa. Niahidi kama mtu."

Orrin aliacha kusoma tangazo. Niliweka uma chini, nikasimama, kwa kuwa mimi jambo langu silisemi nimekaa.

"Ardis," nilisema, "bata akilia, weka bakuli kwenye oveni. Likiiva, Orrin atakuwa mezani. Nakuahidi."